Mali bila daftari huisha bila habari

Mavuno yamekwisha. Korosho, pamba au mahindi yameuzwa. Mkulima amelipwa fedha zake. Nyingine zimeingia benki, nyingine zimeingia katika simu. Jioni watu wanakaa barazani na kuzungumza.

Wanazungumza juu ya fedha. Wanazungumza juu ya magari na pikipiki. Wanazungumza juu ya siasa. Redio ikipiga muziki, wanazungumza juu ya muziki pia. Mazungumzo hayo ni mazuri. Lakini baadhi ya maneno yanayosemwa barazani humaliza fedha za mkulima upesi kuliko panya anavyomaliza mahindi ghalani.

Wazee walisema: Mali bila daftari huisha bila habari. Maana yake, mtu asiyeandika fedha inayoingia na inayotoka, fedha yake itakwisha na hatajua imekwenda wapi.

Ndugu msomaji, wewe sasa unajua kusoma, kuandika na kuhesabu. Hebu tuchukue maneno manne ya barazani. Tuyatie katika daftari. Tuone kama yanasimama au yanaanguka. Hesabu zilizomo humu ni mifano tu. Bei za kijijini kwenu huenda ni nyingine. Weka bei za kwenu, kisha fanya hesabu upya.

NENO LA KWANZA: "AKIBA NI KAZI YA MATAJIRI"

Watu wengi husema hivi: "Fedha yangu ni ndogo. Nitawekaje akiba?" Tufanye hesabu.

Mtu anaweka shilingi 1,000 kila wiki. Mwaka una wiki 52. Mwisho wa mwaka ana shilingi 52,000. Watu 20 wakifanya hivyo pamoja, wana shilingi 1,040,000. Hakuna tajiri hata mmoja kati yao. Lakini fedha yao imepita milioni moja. Haba na haba hujaza kibaba.

Hivi ndivyo vikoba vinavyofanya kazi. Wanachama hukutana kila wiki. Kila mmoja hununua hisa. Fedha huhesabiwa mbele ya wote. Kisha hufungiwa katika sanduku lenye kufuli tatu. Funguo hushikwa na watu watatu tofauti. Mtu mmoja hawezi kulifungua peke yake. Mwanachama mwenye shida hukopa na kurudisha na nyongeza kidogo. Mzunguko ukiisha, kwa kawaida baada ya mwaka mmoja hivi, wanachama hugawana akiba pamoja na faida.

Utaratibu huu wa sanduku ulianza nchini Niger mwaka 1991. Walioanza walikuwa wanawake wa vijijini. Wengi wao hawakujua kusoma. Walikumbuka hesabu kwa kichwa. Wewe una kalamu. Kazi yako ni nyepesi zaidi. Ila kumbuka kwamba katika Tanzania ipo Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Sheria hiyo inataka vikundi hivi viandikishwe. Muulizeni afisa maendeleo ya jamii awaeleze utaratibu.

Asiye na akiba hukimbilia mkopo wa haraka. Mikopo mingine watu wameipa jina la "kausha damu". Jina hilo si la bure. Tuseme umekopa shilingi 100,000. Riba ni asilimia 20 kwa mwezi. Asilimia 20 maana yake ni shilingi 20 katika kila shilingi 100. Kwa mwezi mmoja riba ni shilingi 20,000. Kwa miezi sita riba ni shilingi 120,000. Riba imekuwa kubwa kuliko mkopo! Na ile 100,000 yenyewe bado unadaiwa.

Jihadhari pia na wale wanaosema: "Panda mbegu ya fedha, uvune mara mbili." Mwaka 2009 Serikali ya Tanzania ilisimamisha upatu wa namna hiyo uliojulikana kwa jina la DECI. Watu wengi walikuwa wametoa fedha zao. Mwaka 2013 mahakama iliwatia hatiani viongozi wake.

Kwa nini upatu huo huanguka? Kwa sababu hauna shamba wala duka. Fedha ya anayelipwa leo inatoka kwa anayeingia leo. Tuseme mtu mmoja anahitaji wawili waingie ili alipwe. Wale wawili wanahitaji wanne. Wanne wanahitaji wanane. Endelea hivyo mara 20. Utahitaji watu 1,048,576. Kijiji gani kina watu hao? Wa mwisho ndio wanaolia.

NENO LA PILI: "CHOMBO CHA MOTO HAKIKOSI FEDHA"

Vijana wengi wanataka pikipiki ya kubeba abiria. Kazi hiyo ni halali. Inapeleka wagonjwa zahanati na mazao sokoni. Hatusemi usinunue pikipiki. Tunasema, ihesabu kwanza.

Tuseme pikipiki mpya inauzwa shilingi 3,000,000 taslimu. Kijana hana fedha hiyo. Anachukua pikipiki kwa mkataba. Atapeleka hesabu ya shilingi 10,000 kwa siku, siku sita kwa wiki. Kwa wiki ni shilingi 60,000. Mkataba ni wa wiki 65. Zidisha 60,000 mara 65. Utapata shilingi 3,900,000. Kijana amelipa shilingi 900,000 zaidi. Hiyo ndiyo bei ya kukosa akiba.

Sasa tuangalie siku moja ya kazi. Kijana amepata shilingi 25,000. Petroli imekula 8,000. Chakula kimekula 2,000. Hesabu ya mwenye chombo ni 10,000. Zimebaki 5,000. Lakini pikipiki inataka oili, tairi, cheni, breki na bima. Kwa hayo lazima aweke kando shilingi 2,000 kila siku. Zimebaki 3,000. Barazani alisema amepata 25,000. Daftari linasema amepata 3,000.

Pikipiki ikiharibika siku tatu, hakuna abiria. Lakini hesabu ya siku tatu bado inadaiwa. Ni shilingi 30,000. Kwa ile 3,000 inayobaki kila siku, atahitaji siku kumi za kazi kulipa deni hilo. Asipolipa, huenda akanyang'anywa chombo, hata kama amekwisha kulipa mwaka mzima.

Kwa hiyo usitie sahihi wala dole gumba kabla ya kusoma mkataba. Usiposomeka vizuri, mwombe mtu mwingine unayemwamini akusomee. Tafuta majibu ya maswali haya:

1. Jumla yote nitalipa shilingi ngapi?
2. Kadi ya pikipiki nitapewa lini?
3. Nikiugua au chombo kikiharibika, itakuwaje?
4. Kikiibiwa, nani atalipa?
5. Je, kila ninapolipa nitapewa stakabadhi?

Na wale wanaotaka gari je? Magari mengi ya mitumba hutoka Japani. Huko usukani uko kulia kama kwetu. Mtu husikia bei ya gari huko Japani akafurahi. Lakini gari likifika bandarini lina kodi. Kuna ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa na kodi ya ongezeko la thamani. Gari lililozeeka hutozwa zaidi. Asiyehesabu kodi huliacha gari bandarini, na huko nako kuna gharama ya kulihifadhi. Gari ni kama ng'ombe. Kumnunua ni siku moja. Kumlisha ni kila siku.

NENO LA TATU: "FEDHA YA SIASA HAILIPWI"

Neno hili ni baya kuliko yote. Linaharibu kijiji kizima.

Katika Tanzania, sheria inataka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi. Sehemu 4 ni za wanawake. Sehemu 4 ni za vijana. Sehemu 2 ni za watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo haina riba. Mwaka 2023 Serikali iliisimamisha kwa muda ili kurekebisha utaratibu wake. Mwaka 2024 ikarudishwa.

Barazani utasikia mtu akisema: "Hiyo ni fedha ya siasa. Wametupa ili tuwapigie kura. Kula tu." Tuulize, fedha hiyo ilitoka wapi? Haikutoka mfukoni mwa mwanasiasa. Ilitoka katika ushuru wa mazao, ushuru wa soko na leseni za maduka. Ilitoka kwako wewe.

Tuseme halmashauri ina shilingi 10,000,000. Inakopesha vikundi vitano. Kila kikundi kinapata 2,000,000. Vyote vikirudisha, mwaka wa pili vikundi vingine vitano vitakopa fedha ile ile. Lakini tuseme vikundi vitatu vimekula. Zimerudi shilingi 4,000,000 tu. Ni vikundi viwili tu vitakavyokopa. Vikundi vitatu vya kina mama au vijana vimenyimwa. Aliyewanyima si Serikali. Ni jirani zao. Dawa ya deni ni kulipa.

Lakini kuna upande wa pili. Viongozi nao wana daftari lao, nalo lazima lifunguliwe. Mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila miezi mitatu. Katika mkutano huo mapato na matumizi ya kijiji husomwa mbele ya wananchi. Nenda na kalamu. Andika yaliyosomwa. Mkutano unaofuata, linganisha. Kama hesabu hazikubaliani, nyosha mkono uulize kwa adabu. Hiyo nayo ni siasa, na ina faida kuliko kubishana juu ya vyama barazani.

NENO LA NNE: "SHUGHULI BILA MUZIKI NI MSIBA"

Muziki ni mzuri. Mtu hafanyi kazi mwaka mzima bila kufurahi. Ngoma, dansi na taarabu vina mafundisho ndani yake. Kumtunza mwimbaji aliyekuburudisha ni heshima.

Lakini wengine hukodi spika kubwa na bendi kwa fedha ambayo hawana. Hutegemea ahadi za michango. Tuseme kamati ya harusi imeandika ahadi za shilingi 1,500,000. Ikakodi muziki, viti, maturubai na chakula kwa fedha hiyo yote. Siku ya harusi imefika. Michango iliyolipwa ni shilingi 900,000. Nani atalipa 600,000 zilizobaki? Wageni wamekwenda kwao. Wapiga muziki wanadai. Bwana harusi na bibi harusi wanaanza maisha yao na deni. Ndiyo maana wazee walisema: Kukopa harusi, kulipa matanga.

Kamati yenye busara hugawa ukurasa wa daftari pande mbili. Upande mmoja huandika ahadi. Upande wa pili huandika fedha iliyofika mkononi. Hupanga shughuli kwa upande wa pili tu. Ahadi si fedha. Ikiwa fedha ni ndogo, ngoma ya vijana wa kijijini itatosha. Watu watacheza vilevile.

NAMNA YA KUANDIKA DAFTARI

Daftari moja la shule linatosha. Andika tarehe. Andika jambo. Andika fedha iliyoingia au iliyotoka. Mwisho andika salio, yaani fedha iliyobaki. Tazama mfano huu:

1 Juni. Kuuza mahindi. Imeingia 400,000. Salio 400,000.
2 Juni. Sare za shule. Imetoka 45,000. Salio 355,000.
5 Juni. Hisa za kikoba. Imetoka 5,000. Salio 350,000.
9 Juni. Bati mbili. Imetoka 60,000. Salio 290,000.

Andika siku ile ile. Usingoje wiki ipite. Kichwa husahau, karatasi haisahau. Andika hata vitu vidogo, kama sigara, soda na vocha ya simu. Vitu vidogo ndivyo vinavyotoboa mfuko.

Baba na mama waandike pamoja. Wote wawili walilima, kwa hiyo wote wawili wajue fedha iko wapi. Nyumba nyingi hugombana kwa sababu mmoja hajui mwenzake ametumia nini. Daftari likiwa mezani, ugomvi hupungua. Mwisho wa mwezi jumlisheni. Mtaona wenyewe ni jambo gani limekula fedha nyingi, nanyi mtaamua mwezi ujao mpunguze wapi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chenu, ni neno gani la barazani linalomaliza fedha za watu?
2. Pikipiki inauzwa 2,800,000 taslimu. Kwa mkataba ni 50,000 kwa wiki, kwa wiki 72. Utalipa zaidi shilingi ngapi?
3. Mkutano mkuu wa kijiji chenu ulisomewa mapato na matumizi mara ya mwisho lini? Nani aliyaandika?
4. Kila mmoja aandike matumizi yake ya wiki moja. Wiki ijayo mlete madaftari, mzungumze.