Vipeuo vya desimali: Nukta moja huharibu jibu zima

NUKTA ya desimali ni alama ndogo kuliko zote katika daftari la hisabati, lakini ndiyo inayowaponza wanafunzi wengi wa sekondari wanapokutana na swali kama hili: tafuta kipeuo cha pili cha 0.0347, kisha ugawanye 1 kwa jibu utakalopata.

Kwa mwanafunzi wa Buhinyuza, kaskazini mashariki mwa Burundi, eneo lililokuwa ndani ya mkoa wa Muyinga hadi mipaka ya mikoa ilipobadilishwa mwaka 2025, kuna mtego wa ziada. Shule za Burundi zilirithi uandishi wa Kifaransa, hivyo namba hiyo huandikwa kwa mkato: 0,0347. Akivuka mpaka wa Kobero na kuingia Tanzania, atakuta imeandikwa kwa nukta. Thamani ni ile ile, kilichobadilika ni alama tu.

Hata hivyo, kosa kubwa haliko kwenye alama bali mahali inapokaa. Kwa kuwa kipeuo cha pili cha 4 ni 2, wengi hukimbilia kuandika kwamba kipeuo cha 0.4 ni 0.2. Si kweli. Zidisha 0.2 kwa 0.2 utapata 0.04. Kipeuo cha 0.4 ni karibu 0.632.

Dawa yake ni kugawa tarakimu mbili mbili kuanzia kwenye nukta kwenda kulia. Namba 0.0347 inakuwa 03 na 47. Jozi ya kwanza ni 3, ambayo kipeuo chake kiko kati ya 1 na 2. Basi jibu lazima lianze na 0.1. Majedwali yanatoa 0.1863. Ukigawanya 1 kwa namba hiyo, unapata 5.368.

Sasa sogeza nukta hatua moja tu, iwe 0.347. Jozi zinakuwa 34 na 70. Kipeuo cha 34 kiko kati ya 5 na 6, hivyo jibu linaanza na 0.5. Kwa ukamilifu ni 0.5891, na 1 ikigawanywa kwa hiyo ni 1.698. Tarakimu za swali ni zile zile, lakini majibu hayafanani hata kidogo. Ndiyo maana majedwali ya vipeuo huwa na sehemu mbili, moja ya namba kutoka 1 hadi 10 na nyingine kutoka 10 hadi 100. Anayefungua sehemu isiyo yake hukosa swali zima.

Je, asiye na majedwali wala kikokotoo afanyeje? Ipo njia inayotokana na kazi ya Isaac Newton. Kisia jibu, tuseme 5. Lizidishe kwa lenyewe upate 25, kisha zidisha kwa 0.0347 upate 0.8675. Toa hiyo kwenye 3, inabaki 2.1325. Zidisha kwa 5 na ugawanye kwa 2: unapata 5.331. Rudia hatua hizo ukianzia 5.331, na jibu litakuwa 5.368, sawa na la majedwali.

Hatua hizo hizo zilitumika ndani ya mchezo wa kompyuta wa Quake III Arena, uliotoka mwaka 1999, ili kukokotoa haraka mwanga na vivuli.

Anayetaka kuona hesabu hii kwa macho na afunge jiwe kwenye uzi wa mita 1, na jingine kwenye uzi wa mita 0.25, kisha ayabembeze taratibu. Kipeuo cha 0.25 ni 0.5, na 1 ikigawanywa kwa 0.5 ni 2. Jiwe la uzi mfupi litakwenda na kurudi mara mbili wakati lile la uzi mrefu linakwenda na kurudi mara moja.

Mwisho, mwanafunzi asikabidhi karatasi kabla ya kuhakiki. Azidishe jibu kwa lenyewe, kisha kwa namba aliyopewa. Akipata karibu 1, nukta iko mahali pake. Akipata 10 au 0.1, arudi kwenye jozi zake. Uhakiki huo hauchukui hata dakika moja, na wahenga walishasema, haraka haraka haina baraka.