Uvimbe wa sindano usimnyime farasi chanjo ya pili

WAFUGAJI wa farasi katika mashamba ya Usa River na maeneo mengine yanayouzunguka Mlima Meru hukutana na swali moja kila msimu wa chanjo: afanye nini mtu anapomkuta farasi wake asubuhi akiwa na uvimbe shingoni, mahali palepale alipochomwa sindano jana yake?

Swali hilo si dogo. Mfugaji anayeuona uvimbe na kudhani kuwa dawa imemdhuru mnyama wake huweza kuikataa sindano inayofuata, na hapo ndipo hasara ya kweli inapoanzia.

Ugonjwa unaohofiwa zaidi ni ule uitwao ugonjwa wa farasi wa Afrika. Husababishwa na virusi vya aina 9 na huenezwa na usubi, wadudu wadogo kuliko mbu ambao huzaliana katika udongo wenye unyevu na huuma zaidi tangu jua linapotua hadi linapochomoza. Ukishambulia mapafu, farasi asiye na kinga mara chache hupona. Pundamilia huambukizwa pia, lakini kwa kawaida hawaonyeshi dalili zozote. Nao hulisha ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, jirani kabisa na mashamba hayo. Thailand, nchi ambayo haikuwahi kuuona ugonjwa huo, ilipoteza mamia ya farasi ulipoingia huko mwaka 2020.

Hakuna dawa ya kuutibu. Kinga ni chanjo, na chanjo ijulikanayo zaidi, ile itengenezwayo Onderstepoort nchini Afrika Kusini, huja katika chupa mbili. Ya kwanza ina virusi vilivyopunguzwa makali vya aina ya 1, 3 na 4. Ya pili ina aina ya 2, 6, 7 na 8. Sindano hizo mbili hupishana kwa wiki 3 au zaidi. Kwa hiyo farasi aliyepata chupa ya kwanza peke yake hana nusu ya nguvu dhidi ya aina zote, kama wengi wadhanivyo. Aina zilizomo katika chupa ya pili bado hajachanjwa dhidi yake.

Uvimbe wenyewe mara nyingi ni ishara kwamba mwili umeanza kupambana na kitu kigeni. Hujitokeza ndani ya saa 24, huwa na joto na maumivu kidogo, kisha hunywea kwa siku 2 au 3. Farasi huonekana mkakamavu wa shingo na pengine hukataa kula. Mara nyingine hakataa chakula, bali hawezi kuinama kukifikia. Akiinuliwa ndoo ya maji na majani hadi usawa wa kifua, huenda akala vizuri siku hiyohiyo.

Siku ya kwanza kitambaa kilicholoweshwa maji baridi hupunguza maumivu. Baadaye maji ya vuguvugu husaidia uvimbe kunywea. Kumtembeza polepole ni bora kuliko kumfunga mahali pamoja, lakini kazi nzito na mbio visubiri. Dawa za kutuliza maumivu zitolewe na daktari wa mifugo, si zile zilizobaki kabatini baada ya mtu kuugua. Uvimbe usitobolewe, usikamuliwe, wala usichomwe kwa chuma cha moto kama wafanyavyo baadhi ya wafugaji kwa mifugo mingine. Kidonda kilichofunguliwa zizini ni mlango wa pepopunda, maradhi ambayo jina lake la Kiswahili linamtaja punda mwenyewe, na hakika farasi na punda ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika nayo kirahisi zaidi.

Zipo dalili ambazo hazingoji kesho. Farasi anayevimba uso, kutokwa na vipele mwili mzima, kuhema kwa shida au kuanguka muda mfupi baada ya sindano ana mzio mkali na huhitaji adrenalini mara moja. Uvimbe unaopanuka haraka na kutoa mlio kama wa hewa chini ya ngozi unapobonyezwa, huku mnyama akiwa na homa na unyonge, unaashiria bakteria waozeshao misuli. Hapo saa chache huamua uhai. Uvimbe unaozidi baada ya siku kadhaa na kulainika katikati huwa ni jipu, na usaha wake hutolewa na daktari. Joto la kawaida la farasi ni kati ya nyuzi 37.5 na 38.5 za Selsiasi. Vilevile uvimbe wa juu ya macho hautokani na sindano ya shingoni. Huo ni dalili ya ugonjwa wenyewe.

Punda, ambao Ngaramtoni na Monduli hubeba maji na mahindi kila siku, mara chache hufa kwa ugonjwa huo wa farasi, lakini huchanjwa dhidi ya pepopunda na kichaa cha mbwa. Kwao tatizo ni jingine: punda huficha maumivu. Aliyesimama kimya pembeni akiwa ameinamisha kichwa huenda anaumwa sana kuliko farasi anayerukaruka.

Madhara mengi huepukika kabla sindano haijaingia. Kila mnyama apate sindano yake mpya, ngozi iwe safi na kavu, na chanjo itunzwe katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8, jambo gumu kwa chupa inayosafiri juani kutoka mjini. Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 inataka kazi hiyo ifanywe na wataalamu waliosajiliwa au kuorodheshwa.

Farasi aliyevimba mara ya kwanza hafutwi katika orodha. Mfugaji huandika tarehe, namba ya toleo la chanjo na upande wa shingo uliochomwa, kisha humweleza daktari. Chupa ya pili hutolewa upande mwingine, adrenalini ikiwa karibu, na daktari hakai chini ya nusu saa kabla ya kuondoka.