Kiwanja cha Ndege cha Kisumu na Majirani Zake

Kiwanja cha ndege si uwanda uliozungushiwa seng'enge tu. Kina watu wa namna tatu wanaokitegemea au kupakana nacho: wenyeji wenye mashamba na maboma kando yake, marubani wa ndege ndogo, na wenye ndege kubwa zichukuazo abiria wengi. Kila mmoja anayo haja yake, na haja hizo hazipatani siku zote. Katika mji wa Kisumu, ukingoni mwa Ziwa Victoria, jambo hili limeonekana wazi, na yafaa kila mtu afahamu asili yake.

ZAMANI NDEGE ZILITUA MAJINI

Kisumu ni mji wa safari tangu reli ilipofika ziwani mwaka 1901. Mwaka 1931 kampuni ya Imperial Airways ilianza safari za kuchukua barua na abiria kutoka London mpaka Mwanza, na Kisumu ilikuwa mojawapo ya vituo vyake. Ndege zilizofika hapo ziliundwa mfano wa mashua, zikatua juu ya maji. Mwaka 1937 zilikuja ndege kubwa zaidi za namna hiyo, zilizotoka Southampton zikipitia Kisumu mpaka Durban. Katika miaka hiyo ndege ndogo za kampuni ya Wilson Airways, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1929, ziliunganisha Kisumu na Nairobi.

Ndege ya majini haikuhitaji njia ya lami, wala haikumnyang'anya mtu shamba. Hata hivyo ilihitaji maji matupu, yasiyo na mitumbwi wala magogo. Basi haja ya rubani na haja ya mvuvi zilikutana tangu siku zile. Ndege za majini zilipokwisha, na ndege za magurudumu zikashika kazi yote, haja hiyo ilihamia nchi kavu, nayo ikawa kubwa zaidi.

KWA NINI NJIA YA NDEGE HUREFUSHWA

Watu wengi huuliza: ikiwa ndege zilitua vizuri zamani, kwa nini njia irefushwe? Sababu ya kwanza ni uzito. Ndege iliyojaa watu na mafuta haiwezi kuinuka mpaka ipate mwendo mkubwa, na ili kupata mwendo huo yahitaji nafasi ndefu ya kukimbia.

Sababu ya pili ni hewa yenyewe. Kisumu iko karibu futi 3,800 juu ya usawa wa bahari. Mahali palipoinuka hewa ni nyepesi kuliko ilivyo Mombasa, na jua la mchana huifanya kuwa nyepesi zaidi. Hewa nyepesi huyapa mabawa nguvu kidogo, na injini nazo hupungukiwa. Kwa hiyo ndege iliyo sawasawa kwa uzito huhitaji njia ndefu zaidi Kisumu kuliko pwani.

Hizo ndizo sababu zilizofanya njia ya Kisumu irefushwe kutoka meta 2,000 hivi mpaka meta 3,300, katika kazi iliyomalizika mwaka 2011 pamoja na jengo jipya la abiria. Baada ya hapo kiwanja kikahesabiwa miongoni mwa viwanja vya kimataifa. Faida yake haikatiliki. Mgonjwa hufika Nairobi kwa muda usiofika saa moja, na mfanyabiashara huenda na kurudi siku ile ile.

HASARA YA JIRANI

Lakini meta hizo hazikutoka angani. Zilitoka katika ardhi. Katika sehemu za Kogony na Usoma, zilizo jirani na kiwanja, madai ya ardhi na ya fidia yamekuwapo kwa miaka mingi. Haifai kudhani kwamba madai hayo ni ya fedha tu. Kwa Mjaluo, boma, yaani dala, ni mahali alipozikwa baba na babu, na mahali ambapo mwana hujenga simba yake kabla ya kutoka kwenda kuanzisha boma lake mwenyewe. Mtu akiambiwa ahame, huulizwa kuacha makaburi pamoja na mihogo. Mthamini aweza kuhesabu miti na mabati. Kaburi ni vigumu kulipigia hesabu.

Tena kuna njia ya miguu. Seng'enge ya kiwanja ni ya lazima, kwa kuwa ng'ombe mmoja au mtoto mmoja akivuka mbele ya ndege aweza kuleta msiba. Lakini seng'enge hiyo hiyo humzungusha mwanamke aendaye sokoni na mvuvi aendaye ufukweni. Mwenye kiwanja asipofikiri habari ya njia nyingine, chuki huanza hapo.

SHERIA INASEMA NINI

Yafaa kila mwenyeji ajue haki zake. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 40, inasema kwamba Serikali haiwezi kutwaa mali ya mtu isipokuwa kwa faida ya watu wote, na kwa kulipa fidia ya haki bila kukawia. Kifungu hicho kinaruhusu pia kulipwa fidia mtu akaaye juu ya ardhi kwa nia njema ingawa hana hati. Chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, Tume ya Taifa ya Ardhi hutoa tangazo katika Gazeti la Serikali, kisha hufanya baraza la kuwasikiliza wote wenye haki kabla ya fidia kukatwa. Asiyehudhuria baraza hilo hujidhuru mwenyewe. Asiyeridhika aweza kwenda mbele ya sheria.

Jirani naye anayo wajibu. Kanuni za kimataifa zataka anga ya karibu na kiwanja iwe wazi. Kwa kiwanja kikubwa, majengo hayatakiwi kupita kimo cha meta 45 juu ya kiwanja katika eneo la kilometa 4 kukizunguka, na karibu na njia za kupandia na kushukia kimo hupungua zaidi. Atakaye kujenga ghorofa au kusimamisha mlingoti karibu na kiwanja imempasa kupata kwanza idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Vilevile takataka na matumbo ya samaki yakitupwa ovyo huvuta korongo na ndege wengine wakubwa. Mwaka 2009 huko New York, bata-bukini waliingia katika injini za ndege ya abiria, zikapoteza nguvu zote mbili; watu 155 waliokuwamo waliokoka kwa sababu rubani alifaulu kuishusha mtoni.

NDEGE NDOGO NA NDEGE KUBWA

Marubani wa ndege ndogo nao wana lao la kusema. Si watu wa anasa tu. Tangu mwaka 1957 madaktari waendao kwa ndege wamewafikia wagonjwa wa mbali katika Afrika ya Mashariki, na viwanja vidogo vya visiwa vya Rusinga na Mfangano hutegemea ndege za namna hiyo. Tena rubani wa ndege kubwa hujifunza kwanza katika ndege ndogo.

Shida ni kwamba ndege ndogo hukaribia kutua kwa mwendo wa kilometa 120 kwa saa, na ndege kubwa ya jeti kwa kilometa 260. Zaidi ya hayo, ndege kubwa huacha nyuma yake upepo wa kuzunguka kama kimbunga kidogo, uwezao kuipindua ndege ndogo. Kwa hiyo mwongozaji aliye mnarani huiamuru ndogo ingoje dakika kadhaa. Rubani huona anacheleweshwa, kumbe analindwa. Hatari yenyewe ilionekana tarehe 5 Machi 2024, juu ya Mbuga ya Wanyama ya Nairobi, ndege ya abiria iliyokuwa na watu 44 ilipogongana na ndege ndogo ya mafunzo. Ile ya abiria ilirudi salama kiwanjani Wilson, lakini wawili waliokuwa katika ndege ndogo walikufa.

LILILO LAZIMA

Kiwanja kikubwa huleta faida kwa wengi, na hasara yake huwaangukia wachache walio karibu nacho. Kwa hiyo haki yataka wale wachache walipwe kwanza, kabla tingatinga halijaingia shambani, na waambiwe mipango mapema, kwa lugha waielewayo. Marubani wa ndege ndogo wapewe saa zao na mahali pao pa kuegesha. Wenyeji nao wailinde anga kama walindavyo mipaka ya mashamba yao. Fidia ikicheleweshwa, jirani hugeuka mdai, na mdai huenda mahakamani. Na kesi ya ardhi yaweza kuzuia njia ya ndege kwa muda mrefu kuliko mlima.