Kigari cha magurudumu matatu: mpime mtoto kwanza, bei baadaye



Mara nyingi ukurasa huu unawaeleza juu ya kofia ngumu, viatu vya kazi na maji safi ya kunywa. Leo tuseme juu ya chombo ambacho watu wengi hawakijali mpaka siku kinapoingia nyumbani mwao: kiti cha magurudumu cha mtu asiyeweza kutembea. Hapa kambini tunakiita kigari. Kwa njia zetu za Bafwasende, zenye tope, mizizi na mifereji, kigari cha magurudumu matatu mara nyingi ndicho kinachofaa. Lakini si kila cha matatu kinafaa, na hata kilicho bora huharibika upesi kisipotunzwa.

KIGARI KILICHONG'AA

Mfanyakazi mwenzetu mmoja ana binti wa miaka 9. Polio ilimshika angali mchanga, ikamwacha na miguu isiyo na nguvu. Miaka yote mama yake alimbeba mgongoni. Mtoto akazidi kuwa mzito, mama akaanza kuumwa kiuno, na shule ikawa siku mbili kwa juma badala ya sita. Baba akaweka pesa kidogo kidogo, kisha akajiandaa kupanda kamioni kwenda Kisangani kununua kigari.

Kabla ya safari alipita dispansari kuniuliza. Siku ile wagonjwa walikuwa wengi mlangoni. Nikamjibu haraka, "Baba, nunua kiti cha magurudumu, kitamsaidia." Sikumpima mtoto. Sikuuliza njia ya shule ikoje. Kosa hilo ni langu, nami nalisema hapa ili lisirudiwe.

Baba akarudi na kigari kizuri cha kung'aa, cha magurudumu manne: mawili makubwa nyuma, na mbele viwili vidogo, upana wa kiganja. Kilikuwa cha mtu mzima. Muuzaji alikuwa amemwambia, "Chukua kikubwa, mtoto atakua ndani yake."

Jumatatu ya kwanza kaka yake alimsukuma kwenda shule. Walipofika kwenye mfereji karibu na chemchemi, magurudumu madogo yakazama katika tope, kigari kikasimama ghafula, mtoto akaruka mbele. Nilimshona nyuzi 4 juu ya jicho.

Baada ya miezi michache mama yake alinionyesha jambo jingine. Kiti kilikuwa kipana mno, na mtoto alikuwa akikaa ameegemea upande mmoja mchana kutwa. Mgongo wake ulikuwa umeanza kupinda. Mtoto ambaye misuli ya mgongo ni dhaifu hupinda upesi akikaa vibaya. Jeraha la jicho lilipona kwa siku 10. Mgongo uliopinda haunyoshwi kwa siku 10.

KWA NINI MATATU?

Tazama jikoni. Mafiga ni matatu. Hata ardhi isipokuwa sawa sufuria haichezi, kwa sababu mafiga matatu hushika yote pamoja. Meza ya miguu minne ukiiweka mahali pabaya, mguu mmoja hubaki hewani. Kigari ni vivyo hivyo. Juu ya mizizi na mawe, magurudumu matatu yote yanagusa chini.

Faida ya pili ni gurudumu la mbele. Katika kigari kizuri liko mbali, mbele ya miguu ya mkaaji, nalo ni kubwa na pana. Halizami upesi katika tope, na mkaaji hatupwi mbele kwa urahisi. Ndiyo maana shirika la Motivation la Uingereza, lililoanzishwa mwaka 1991, lilitengeneza kiti cha magurudumu matatu kwa ajili ya njia mbovu. Na kule Moshi, Tanzania, chuo cha TATCOT kimewafundisha mafundi kutengeneza viti vya magurudumu na kuvilinganisha na miili ya watu.

Lakini tusiseme uzuri tu. Kigari kirefu kinahitaji nafasi kubwa kugeuka, na ndani ya nyumba ndogo kinasumbua. Kukipandisha ngazi ni kazi ya watu wawili. Tena, kwa kuwa mbele kuna gurudumu moja tu katikati, pembe mbili za mbele hazina kitu cha kuzishika. Mkaaji akiinama sana mbele na pembeni kuokota kitu, kigari chaweza kupinduka. Mfundishe mapema: kitu kikianguka, aombe kuokotewa, au kigari kisogezwe mpaka kitu kiwe ubavuni karibu naye.

KABLA YA KUTOA PESA

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani (OMS) lilitoa maelekezo juu ya viti vya magurudumu kwa nchi zenye uwezo mdogo. Fundisho lake kubwa ni hili: kiti kilingane na mwili wa mtu na mahali anapoishi, na mtu afundishwe kukitumia. Kwa hiyo chukua kamba au mita ya fundi cherehani, mketishe mtoto wima juu ya benchi, upime:

1. Upana wa nyonga. Upana wa kiti uwe sawa na huo. Kisimbane, wala asiteleze huku na huku. Neno la "atakua ndani yake" linafaa kwa shati, si kwa kigari.

2. Urefu wa paja, toka nyuma ya makalio mpaka nyuma ya goti. Kiti kiwe kifupi kuliko hapo kwa sentimeta 3 hadi 6. Kikigusa nyuma ya goti kitaumiza ngozi, na mtoto atateleza mbele.

3. Urefu toka nyuma ya goti mpaka kisigino. Miguu itulie juu ya kikanyagio, isining'inie, wala magoti yasipande juu.

4. Mgongo. Mwenye mgongo dhaifu anahitaji egemeo refu, na pengine kizuizi cha kila upande. Hapo usiamue peke yako, mlete mtoto dispansari.

Kisha pima njia. Tembea toka mlangoni mpaka shuleni, kanisani au msikitini, chooni na kwenye maji. Pima upana wa mlango wa nyumba, na kumbuka kwamba kigari ni kipana zaidi ya kiti chenyewe kwa sababu ya magurudumu.

Mwisho tazama vipuli. Kisangani ni mji wa toleka, baiskeli zilizobeba abiria miaka mingi, na mafundi wa baiskeli hawakosekani. Chagua kigari ambacho magurudumu yake makubwa yanavaa tairi ya baiskeli ya kawaida. Kile chenye tairi ya kigeni kitalala ukutani siku tairi itakapopasuka.

KUSUKUMWA AU KUJIENDESHA?

Iko namna nyingine ya magurudumu matatu: baiskeli ya kupiga pedali kwa mikono. Wafanyabiashara wenye ulemavu wa Kinshasa wamejulikana kwa kuvusha bidhaa mpaka Brazzaville wakiwa juu ya vyombo hivyo. Wanamuziki wa Staff Benda Bilili nao walitoka juu ya vyombo vya namna hiyo mitaani Kinshasa mpaka jukwaa za Ulaya, na filamu juu yao ikaonyeshwa Cannes mwaka 2010. Kwa mtu mzima mwenye mikono yenye nguvu na safari ndefu, chombo hicho ni kizuri. Ila ni kikubwa, hakiingii nyumbani. Kwa mtoto mdogo au mwenye mikono dhaifu, kigari cha kusukumwa ndicho cha kuanza nacho.

Lakini muulize mwenyewe! Binti wa habari yetu, tulipokuwa tukibishana na baba yake juu ya kigari cha pili, alisema, "Muniulize mimi. Si ni mimi nakaa humo?" Alikuwa na haki. Tulipomuuliza, alituambia kwamba mpini uko juu mno kwa kaka yake, ndiyo sababu hakuona mfereji. Sisi wakubwa wawili hatukuwa tumeliona jambo hilo.

KUSUKUMA KWA USALAMA

Msukumaji awe na nguvu za kutosha na aone mbele. Kabla ya kumpandisha au kumshusha mkaaji, funga breki zote mbili. Mtu yeyote asisimame juu ya kikanyagio, kigari kitapinduka. Kwenye mteremko mkali kigeuze, kishuke kwa nyuma, wewe ukiwa upande wa chini ukikizuia kwa mwili wako. Usipite ukiambaa ubavu wa kilima. Mvua ikiwa kubwa na mfereji umejaa, subiri.

UTUNZAJI

Kamioni ya kampuni haitoki gereji bila dereva kuikagua. Kigari nacho kinabeba mtu, nacho kikaguliwe vivyo hivyo.

Kila siku: futa tope kwenye magurudumu. Bonyeza tairi kwa kidole gumba. Ikibonyea zaidi ya nusu sentimeta, tia hewa. Tairi laini inachosha msukumaji, tena inaua breki, kwa maana breki za vigari vingi hushika kwa kukandamiza tairi. Funga breki, sukuma kidogo. Gurudumu likizunguka, usimpandishe mtu.

Kila juma: osha kwa maji kidogo na kitambaa, kisha kausha. Kaza nati zote. Gusa spoki moja moja. Iliyolegea ikazwe, iliyokatika ibadilishwe na fundi wa baiskeli. Spoki moja ikikosekana, uzito unawaangukia wenzake nao wanakatika. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kila mwezi: inua kigari, zungusha kila gurudumu. Likikwaruza au likicheza, gololi zinataka kusafishwa na kutiwa grisi. Usitie mafuta ya mawese. Yanaganda na kushika vumbi. Chunguza mahali chuma kilipounganishwa kwa moto. Ukiona ufa mwembamba, peleka kwa fundi siku hiyo hiyo. Mahali rangi imebanduka, kwangua kutu upake rangi, maana unyevu wa msitu wetu haumhurumii chuma.

Na neno moja kwa vijana wa nyumbani: kigari si pusupusu. Kigari cha pili cha binti yule kilitengenezwa na fundi wa kuchomea pamoja na fundi wa baiskeli, kwa vipimo vyake, na gurudumu la mbele likawekwa mbali. Kilikuwa kizuri. Mwezi wa tatu ekseli ikapinda. Tulipouliza, tukaambiwa kwamba jioni, mtoto akiisha kulala, kilibeba madumu ya maji na magunia ya mihogo. Majuma mawili binti alikaa nyumbani akingoja ekseli. Mihogo ina njia nyingine ya kufika nyumbani. Yeye hana.

VIDONDA VYA KUKALIA

Mtoto wa polio kwa kawaida anasikia maumivu. Kiti kikimwumiza atalia. Lakini mtu aliyevunjika uti wa mgongo, kwa mfano kwa kuangukiwa na udongo shimoni, mara nyingi hasikii kitu chini ya kiuno. Anaweza kukaa juu ya mkunjo wa nguo mchana kutwa, na jioni ngozi imekwisha kufa. Kidonda hicho huingia mpaka mfupa. Kikioza, kinaua. Wako watu walioponea chini ya udongo, wakafa kwa kidonda cha kukalia.

Kwa hiyo asikae juu ya kitambaa kitupu, akalie mto mzuri wa sponji. Upime hivi: akiwa ameketi, ingiza mkono chini ya mfupa wa kukalia. Vidole vikicheza, mto unafaa. Vikibanwa, mto umekwisha. Kila robo saa au nusu saa ajiinue kwa mikono, au ainame mbele na pande zote mbili huku ameshikwa, ili damu ipite. Kila jioni mtu wa nyumbani atazame ngozi yake. Mahali pakiwa pamebadilika rangi, pana moto au pagumu, na baada ya nusu saa ya kulala bila kukalia hapajarudi sawa, asiketi tena juu yake; mlete dispansari. Mto ukilowa, ubadilishe. Sponji ikauke kivulini, jua kali linaivunja.

MWISHO

Binti yetu sasa anakwenda shule siku sita. Mgongo wake tunaupima kila baada ya miezi mitatu, na kiti kitapanuliwa kadiri anavyokua. Wadogo zake wawili wamepata chanjo zote. Tarehe 25 Agosti 2020 bara la Afrika lilitangazwa kuwa limeishinda polio ya asili. Hata hivyo iko polio itokanayo na virusi vya chanjo vilivyobadilika. Nayo huenea pale watoto wengi wasipochanjwa, na imepooza watoto wa nchi yetu. Akina mama, siku ya chanjo msibaki shambani.

Na wewe baba unayeweka pesa za kigari, pita dispansari kabla ya kupanda kamioni. Njoo na mtoto. Safari hii kamba ya kupimia iko mezani, nami sitakujibu haraka.