Habasoda, Zaituni na Chunusi za Vijana Wetu



Ndugu Waislamu, kila Ijumaa tutokapo msikitini hukutana na meza za wauzaji: miski, miswaki, tasbihi, na vichupa vya mafuta ya habasoda na ya zaituni. Miongoni mwa wanunuzi ni akina baba walioagizwa dawa ya chunusi kwa ajili ya binti au kijana aliyebaleghe karibuni. Muuzaji naye hana shaka: apake asubuhi na jioni, Mtume mwenyewe ameyasifu. Baada ya wiki chache uso wa mtoto umezidi kuharibika, na nyumbani huzuka swali ambalo wazazi huogopa hata kulitamka: imekuwaje dawa iliyosifiwa na Mtume isifae? Swali hilo ni zito kuliko chunusi zenyewe, kwa kuwa kijana hulibeba moyoni kimyakimya.

Ni kweli kwamba katika Sahihi Bukhari imepokewa Hadithi kuwa habasoda ina ponyo ya kila maradhi isipokuwa mauti. Lakini wanavyuoni wetu hawakuisoma Hadithi hiyo kama wanavyoisoma wauzaji. Imam al-Khattabi aliifahamu kuwa ni tamko la jumla lililokusudia baadhi ya maradhi, na Ibn Hajar akayanukuu maneno yake katika Fat-hul Bari. Aidha, ubora wa dawa ni jambo moja, na kujua ipewe nani, kwa kipimo gani na kwa njia gani ni jambo jingine. Katika Sunan ya Abu Daud imo Hadithi kwamba anayejitia utabibu bila kujulikana kuwa ana elimu hiyo hubeba dhamana ya madhara. Hilo linawahusu wenye meza, na linatuhusu sisi wazazi pia.

Sasa tuitazame chunusi yenyewe. Chini ya ngozi mna tezi zitoazo mafuta ya asili. Mtoto anapobaleghe, homoni huzichochea tezi hizo zitoe mafuta mengi zaidi. Mafuta hayo hushikana na seli za ngozi zilizokufa, yakaziba vinyweleo. Ndani ya kinyweleo kilichoziba bakteria huongezeka, ngozi huvimba na kufanya usaha. Basi si uchafu, wala si dalili ya tabia mbaya kama baadhi ya mabibi wanavyowatania wajukuu. Utani huo unaumiza, nao afadhali ukome.

Kwa kuwa asili ya tatizo ni kuziba, si kila mafuta yafaayo mwilini yafaa usoni. Mafuta ya nazi, ambayo Pwani hatuwezi kuishi bila ya hayo, yana asidi ya lauriki inayoweza kuua bakteria katika maabara. Lakini ni mazito, na kwa wenye chunusi huelekea kuziba vinyweleo. Tuyaache kwenye nywele na miguu. Zaituni ni mti uliobarikiwa kwa nassi ya Qur'ani, Suratun Nur, na baraka yake haipungui kwa kusema kwamba mafuta yake yamejaa asidi ya oleiki, ambayo huidhoofisha ngozi ya juu. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, uliotolewa mwaka 2013, ulionesha hivyo kwa watu wazima waliopakwa. Mafuta ya alizeti, ya bei nafuu kuliko yote hayo, yana asidi ya linoleiki kwa wingi, nayo ni mepesi zaidi kwa ngozi ya namna hii.

Habasoda yenyewe ina kemikali iitwayo thaimokwinoni, inayopunguza uvimbe. Majaribio madogo ya Iraq na Iran yametia moyo, ila yalitumia dawa iliyotengenezwa kwa kipimo maalumu, si mafuta mabichi ya kichupa. Yenye ushahidi mkubwa zaidi ni mafuta ya mti wa chai wa Australia, ambao hauna udugu na chai ya Mufindi wala Kericho. Mwaka 1990 madaktari wa huko waliwalinganisha wagonjwa 124: wengine walitumia mafuta hayo kwa asilimia 5, wengine benzoili peroksaidi ya asilimia 5. Yote yalisaidia, mafuta yalichelewa kuleta matokeo, lakini madhara yake yalikuwa machache. Ni sumu yakinywewa, na yakipakwa bila kuchanganywa huunguza. Asilimia 5 maana yake ni sehemu 1 ya mafuta hayo kwa sehemu 19 za mafuta mepesi. Yajaribiwe kwanza kwenye mkono, upande wa ndani, kwa siku mbili. Kisha usoni, na mtu asubiri miezi, si siku.

Tunachokihofia zaidi ni binti anayekata tamaa na kukimbilia mkorogo ili kufuta madoa. Krimu hizo huwa na zebaki, haidrokwinoni au steroidi. Zebaki hudhuru figo, na steroidi yenyewe huzaa chunusi mpya. Chunusi zenye vijipu vya ndani na makovu zinahitaji daktari wa ngozi mapema, kwani kovu halifutiki kwa mafuta yoyote.

Wasomaji huuliza pia kuhusu udhu. Imam an-Nawawi ameeleza katika al-Majmuu kwamba mafuta ya maji juu ya kiungo hayabatilishi udhu maadamu maji yanapita juu ya ngozi, hata yasipotulia. Kilichoganda kikafanya tabaka ndicho kiondolewe kwanza. Mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi joto 24 hivi. Wa Tanga hana wasiwasi, ila wa Lushoto asubuhi ya Julai ajitazame kabla ya kutia maji.