Panzi wa Sinema na Senene wa Sahani

Waganda huuita mwezi wa Novemba Musenene, yaani mwezi wa senene. Ndio msimu ambao wadudu wale wa kijani na wa kahawia huzijia taa za Kampala kwa wingi, na watoto hutoka mbio na makopo kuwakamata. Ikasadifu kwamba ni katika mwezi huo huo, mwaka 1998, filamu ya katuni iitwayo A Bug's Life, yaani Maisha ya Mdudu, ilipoanza kuonyeshwa huko Marekani. Katika filamu hiyo panzi ni majambazi, na wadudu wadogo hutetemeka wasikiapo mvumo wa mbawa zao. Mtoto wa Kampala aionapo ana haki ya kustaajabu: huyu wa kutisha si ndiye tuliyemkaanga jana kwa chumvi na kitunguu?

Swali hilo ni jema. Nasi twapenda kuwashauri wazazi, hasa walio katika utumishi wa jeshi na polisi, wasimwache mtoto alijibu peke yake.

Kwanza tukieleze kisa chenyewe kwa ufupi. Sisimizi wa kisiwa kimoja hukusanya nafaka msimu mzima, kisha huziweka juu ya jiwe ziwe ushuru kwa kundi la panzi linaloongozwa na Hopper. Sisimizi mmoja, Flik, ni mvumbuzi mwenye nia njema na bahati mbaya. Chombo chake cha kuvunia chaangusha ushuru wote majini. Panzi wafikapo na kukuta jiwe tupu, wadai mara mbili ya kiasi cha kwanza. Flik afunga safari kwenda kutafuta mashujaa, na kwa kutojua arudi na wasanii wa sarakasi waliofukuzwa kazi: kiwavi mlafi, vunjajungu mchawi, mbawakawa mwenye pembe, mdudu mwembamba kama kijiti, na mdudu wa madoadoa ambaye kila mmoja humdhania kuwa jike ilhali ni dume. Wao wadhani wameitwa kuchezesha watu. Sisimizi wadhani wamepata askari. Hapo ndipo kicheko kinapoanza.

Filamu hii iliongozwa na John Lasseter akishirikiana na Andrew Stanton. Ilikuwa ya pili kwa urefu wa sinema kamili kutoka kampuni ya Pixar, baada ya Toy Story ya mwaka 1995, na picha zake zote zilitengenezwa kwa kompyuta. Miaka mingi imepita, lakini watoto hawajaichoka.

Sasa turudi kwenye swali la mtoto. Yafaa aelezwe kwamba panzi wana koo nyingi, na si wote wa tabia moja. Senene wetu ana vipapasio virefu vyembamba kama nywele, na wataalamu humweka katika jamii mbali na ile ya nzige. Huyu hakusanyi ushuru wa mtu. Yeye mwenyewe ndiye anayekusanywa. Wafanyabiashara wa Masaka na wa Kampala huwasha taa kali usiku, wakasimamisha mabati juu ya mapipa. Senene huifuata taa, hugonga bati, huteleza na kutumbukia ndani ya pipa. Asubuhi huchambuliwa mbawa na miguu, kisha hukaangwa kwa mafuta yake mwenyewe. Hata hivyo, si kila Muganda amlaye. Watu wa ukoo wa Nsenene humheshimu kama mwiko wao, wala hawamtii kinywani. Ikiwa jirani yenu ni wa ukoo huo, hapo pana somo jingine kwa mtoto, nalo ni adabu.

Panzi wa kweli aliye kama Hopper ni nzige wa jangwani. Kwa hesabu za Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, kundi la nzige linaloenea kilomita moja ya mraba laweza kula kwa siku moja chakula cha watu 35,000. Mnamo Februari 2020 makundi ya namna hiyo yaliingia Uganda kutoka Kenya, yakipitia wilaya ya Amudat huko Karamoja. Serikali ikawapeleka askari wa jeshi, nao wakavaa mabomba ya dawa mgongoni badala ya kushika bunduki. Kwa kuwa nzige hutulia mitini wakati wa baridi ya usiku, aliyetaka kuwapata hakuwa na budi kuwahi kabla jua halijapanda. Mama ambaye mumewe alikuwa katika kazi ile ana hadithi ya kuwasimulia watoto wake iliyo bora kuliko ya sinema, maana ni ya kweli na ni ya nyumbani.

Ndugu msomaji, hapa ndipo filamu hii ya kuchekesha inapogusa jambo zito. Yapo mahali ambapo panzi wenzake wamwuliza Hopper kwa nini warudi kisiwani ilhali chakula wanacho tele. Yeye atwaa punje moja na kumrushia mmoja wao: haimwumizi. Arusha ya pili: vilevile. Kisha afungua ghala, na punje zote zamwagika na kuwafunika wale waliouliza. Maana yake ni kwamba sisimizi mmoja si kitu, lakini sisimizi wote kwa pamoja ni wengi kupita panzi mara nyingi, na siku watakapolijua hilo, utawala wa panzi umekwisha. Kwa hiyo haendi kwa ajili ya njaa. Aenda ili hofu isipoe.

Mtoto wa askari aliyeketi sakafuni akitazama hayo humwona baba yake, au mama yake, akivaa sare kila asubuhi. Hujua kwamba mzazi wake ana nguvu ambazo jirani hana. Kimya kimya anaweza kujiuliza: baba yangu ni wa upande gani, wa panzi au wa sisimizi? Jibu la swali hilo halipatikani katika sinema. Hulipata sokoni, aonapo kama baba amlipa mwuza ndizi bei kamili. Hulipata kizuizini barabarani, aonapo mkulima akipita na gunia lake bila kupunguziwa kitu. Mlinzi na mnyang'anyi wote wawili huja na nguvu. Tofauti ni kwamba mmoja huacha mavuno kwa mwenyewe.

Yafaa pia wazazi wajue kwamba filamu hii imeteleza katika elimu ya viumbe. Flik ni dume afanyaye kazi shambani, lakini katika kundi halisi la sisimizi wafanyakazi wote ni majike. Madume wana mbawa, hawachumi chakula, na baada ya kupanda majike hufa. Sisimizi wa filamu wana mikono miwili na miguu miwili tu, ilhali kila mdudu ana miguu sita. Tena sisimizi hawasemi kwa kinywa. Huzungumza zaidi kwa harufu.

Kuhusu lugha, filamu yasemwa kwa Kiingereza chepesi cha haraka, na mtoto mdogo hupitwa na mengi. Lakini mji wa Kampala una utaalamu wake katika jambo hili. Kwa miaka mingi katika vibanda vya vidio, wafasiri wanaoitwa VJ, kama VJ Jingo, wamezifasiri filamu za kigeni kwa Kiganda, wakitia mizaha yao. Mzazi aweza kufanya vivyo hivyo sebuleni. Kambini, ambako Mwacholi, Mlugbara, Mteso na Muganda huishi ukuta kwa ukuta, Kiswahili chatosha kuwachekesha watoto wote kwa pamoja. Wadogo sana washikwe mkono atokeapo ndege, kwani huyo ni wa kutisha.

Siku ya pili, mpeleke mtoto uani. Tafuteni mstari wa sisimizi wadogo weusi ukutani, kisha ufute sehemu moja ya njia yao kwa kitambaa kibichi. Wataona sisimizi wakisimama, wakizunguka na kuhangaika, kwa sababu harufu iliyowaongoza imekatika. Katika filamu jani moja laanguka njiani na sisimizi wapiga kelele kwamba wamepotea. Mtoto atakumbuka na kucheka. Ngojeni kidogo pamoja, mpaka mmoja aivuke sehemu iliyofutwa na wengine wamfuate. Msijaribu hayo kwa siafu.