Usahihi wa Rangi katika Picha Ghafi za Kidijitali: Mfano wa Miswada ya Kiswahili ya Hati ya Kiarabu

1.0 Utangulizi

Miswada ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati ya Kiarabu inazidi kusomwa kupitia picha za kidijitali. Katika baadhi ya miswada hiyo, matini huandikwa kwa wino mweusi, ilhali wino mwekundu hutumika kuweka alama za kutenga vipande vya beti. Mtafiti aliye mbali na makavazi huitegemea picha ili kubaini iwapo maneno mawili yaliandikwa kwa wino mmoja na, kwa hiyo, iwapo sahihisho fulani laweza kuwa la mkono wa baadaye. Rangi ikikosewa, hoja hiyo hukosa msingi. Makala hii inafafanua namna rangi ya picha ghafi inavyosawazishwa, na inaonesha kwamba usahihi unaopatikana ni makadirio yenye masharti, wala si sifa ya kudumu ya kamera.

2.0 Data Ghafi na Rangi

Kihisi cha kamera hupima wingi wa mwanga tu. Ili rangi zitofautishwe, kila pikseli hufunikwa kwa kichujio kimoja: chekundu, cha kijani au cha buluu. Katika mpangilio uliobuniwa na Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak, ambao hataza yake ilitolewa mwaka 1976, nusu ya vichujio ni vya kijani, robo ni vyekundu na robo ni vya buluu. Faili ghafi huhifadhi vipimo hivyo kabla havijafasiriwa kuwa rangi. Faili ya biti 14 ina nafasi ya ngazi 16,384 kwa kila pikseli. Namba hizo hupata maana ya rangi pale tu zinapohusishwa na uoni wa binadamu, ambao kipimo chake sanifu kiliwekwa na Tume ya Kimataifa ya Mwangaza (CIE) mwaka 1931.

Uhusiano huo ungekuwa kamili endapo mwitikio wa kihisi ungeweza kugeuzwa kuwa mwitikio wa jicho kwa hesabu ya kimstari. Kamera za kawaida hazitimizi sharti hilo kikamilifu. Kwa sababu hiyo, nyuso mbili zinazoonekana kwa jicho kuwa na rangi moja zaweza kupata namba tofauti katika kamera. Vilevile, nyuso zinazotofautiana kwa jicho zaweza kupata namba zilezile. Katika hali hii ya pili, usawazishaji hauwezi kurejesha tofauti ambayo kihisi hakikuinasa.

3.0 Utaratibu wa Usawazishaji

Hatua ya kwanza ni kupiga picha ya kadi ya rangi ikiwa mahali pale pale utakapowekwa mswada, chini ya mwanga ule ule. Kadi inayotumika sana ina vipande 24, sita kati yake vikiwa ni vya kuanzia nyeupe hadi nyeusi kupitia kijivu. Kiasi cha mwanga hurekebishwa ili kipande cheupe kisifikie kikomo cha kihisi, kwa kuwa kikomo kikifikiwa uwiano wa rangi hupotea.

Hatua ya pili ni urari wa weupe. Kipande cha kijivu hutumika kulinganisha vipimo vya vichujio vitatu hadi viwe sawa. Hatua ya tatu ni kutafuta matriksi ya namba tisa inayogeuza vipimo vya kamera kuwa vipimo vya CIE, kwa namna itakayopunguza jumla ya makosa katika vipande vyote. Kwa vile makosa hupunguzwa kwa ujumla, rangi moja yaweza kubaki na kosa kubwa ingawa wastani ni mzuri.

4.0 Mwanga kama Sharti

Matriksi iliyopatikana chini ya mwanga mmoja haihamishiki kwa uhakika hadi mwanga mwingine. Taa za LED zinahitaji tahadhari ya pekee. Kipimo cha Ra kinachotangazwa na watengenezaji wa taa ni wastani wa sampuli nane zisizokolea. Sampuli ya wekundu uliokolea, iitwayo R9, haimo katika wastani huo. Taa yaweza kuwa na Ra ya kuridhisha huku ikiwa dhaifu katika wekundu, yaani katika rangi ile ile inayobeba alama za beti. Aidha, mwanga wa dirishani ukichanganyika na wa taa, upande mmoja wa ukurasa hupata rangi tofauti na mwingine.

5.0 Uthibitishaji na Hitimisho

Kupima makosa kwa vipande vilivyotumika kutafutia matriksi ni sawa na kumpa mwanafunzi mtihani wa maswali aliyokwisha kujibiwa. Uthibitisho hupaswa kufanywa kwa rangi nyingine, hususani karatasi na wino vinavyokaribiana na vya mswada, vilivyopimwa kwa spektrofotomita. Tofauti hutajwa kwa kipimo cha ΔE, na kosa kubwa zaidi huripotiwa pamoja na wastani.

Hivyo basi, picha ya mswada inapaswa kuhifadhiwa pamoja na faili ghafi, picha ya kadi, aina ya taa na matokeo ya uthibitishaji. Kumbukumbu hizo zikikosekana, msomaji wa baadaye hatakuwa na njia ya kujua kama wekundu anaouona ni wa mwandishi au wa taa, hasa iwapo karatasi yenyewe itakuwa imekwisha kuliwa na mchwa.